Kishindo Chini ya Pikapu

Kosa nitakalolieleza hapa ni la kumtafuta mkosaji kabla ya kulijua kosa lenyewe. Ni ugonjwa wa nyumba nyingi zenye heshima, na nyumba yetu haikusalimika. Hunirudia kila ninapowakuta vibarua wakichemsha lami kando ya barabara: harufu ile nzito hunikaa kooni, na papo hapo nakuwa mtoto tena, nimelala kifudifudi nyuma ya pikapu, sikio nimelibana kwenye bati, nasikiliza.

Pikapu ilikuwa ya baba, kuukuu, ya aina ile ambayo injini iko mbele lakini magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Nguvu husafiri kwa bomba refu la chuma linalozunguka chini ya sakafu, ambalo mafundi huliita propela. Baba aliipenda kwa ukali, kama alivyotupenda sisi. Dereva alikuwa mdogo wake, Baba Mdogo Revelian, aliyekuwa ameoa karibuni na ambaye riziki yake yote ilikuwa kusomba ndizi kutoka vibanja, yaani mashamba ya migomba, vya huku Rubya kwenda Bukoba mjini.

Baada ya masika, pikapu ikaanza kugonga. Kilikuwa kishindo kimoja kizito, kana kwamba kuna mtu amefungiwa chini ya sakafu naye anapiga ngumi kuomba kutoka. Baba hakuona haja ya kuchunguza. Alisema difu, lile bonge la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, limevunjwa na mtu anayepakia ndizi kama anayehama nchi. Revelian alikana. Kila kishindo kikazaa ugomvi, hata baba akatamka kwamba Jumapili, baada ya misa, angezichukua funguo. Baba Mdogo akaanza kufunga nguo zake: angekwenda visiwani kuvua dagaa, na mkewe angebaki peke yake. Mimi nilimpenda kuliko watu wazima wote, kwa sababu ndiye pekee aliyejibu maswali yangu. Wiki ile hata senene, wale panzi wa kukaanga tunaowapenda huku, nilikosa hamu nao.

Ndipo akaja shangazi yetu kutoka Kitendaguro, dada mkubwa wa baba. Akapewa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, akazisikiliza pande zote mbili huku taya likienda polepole, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Linagonga wakati gani?"

"Wakati wote, dada," baba akajibu.

"Hata sasa?"

Pikapu ilikuwa imeegeshwa uani, kuku wamejilaza kivulini mwake. Baba akakohoa.

"Basi si wakati wote," shangazi akasema. "Washa gari, Revelian." Akamgeukia baba. "Wewe kaa naye mbele, na mdomo ukae nyumbani. Mimi na huyu mdadisi tutakuwa nyuma."

Akaketi juu ya rundo la majani makavu ya mgomba, akakaza kitenge chake, akaniagiza nigonge bati kila nitakaposikia kishindo. Kila nilipogonga, alimwuliza Revelian kupitia dirishani mguu wake ulikuwa wapi na mkono wake ulikuwa umefanya nini. Tulipita kwenye mashimo yaliyotutikisa hadi meno, kimya. Tulipita juu ya mawe ya mtoni, kimya. Lakini kila gari lilipoondoka, bati lilinipiga sikioni. Revelian alipoachia mafuta kwenye mteremko, tena. Alipotoka gia ya nyuma kwenda ya mbele, tena, kwa nguvu zaidi. Nilijawa na furaha ambayo sikujua jina lake: kishindo kilikuwa na tabia, na tabia yake ilikuwa inafahamika.

"Haligongi likibeba," shangazi akasema tuliporudi. "Linagonga likibadili nia. Sasa tazameni kinachozunguka."

Baba akazima injini, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akatoa gia, akaingia chini. Nami nikaingia. Akaishika propela kwa mikono miwili, akaipindua huku na huku. Difu haikuwa na neno. Lakini pale propela inapoungana nayo, kile kiungo chenye umbo la msalaba kiitwacho krosi kilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na kando yake palivuja unga mwekundu wa kutu. Kilikuwa kikavu. Baba akaukwangua uso wa kiungo hicho kwa ukucha, akatoa ganda jeusi. Chini ya ganda palikuwa na tundu la kuingizia grisi.

Ganda lile lilikuwa lami. Kabla ya masika, baba mwenyewe alikuwa amelipaka tumbo zima la gari ili lisiliwe na tope la wilaya yetu ya Muleba.

"Revelian, ulijua kuna tundu hapa?"

"Nilijua, kaka."

"Mbona hukulikwangua?"

"Ulipaka wewe."

Baba alipotoka chini ya gari hakusema pole, kwa kuwa wanaume wa ukoo wetu hawakufundishwa neno hilo. Alimpa mdogo wake kisu na kitambaa, akamwambia aanze kukwangua. Baba mwenyewe akapanda basi kwenda Miembeni, mjini Bukoba, kununua krosi mpya. Jumapili funguo zilibaki mfukoni mwa Revelian, na zile nguo zikafunguliwa.

Kwa miaka mingi nilidhani shangazi alikuwa na ujuzi wa magari. Hakuwa nao, propela na bomba la moshi kwake vilikuwa kitu kimoja. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba ukiuliza nani, kila mtu hujifungia ndani ya utetezi wake, ila ukiuliza lini, hakuna anayeona aibu kujibu. Nikaelewa pia jambo chungu zaidi: heshima inayomwacha mkubwa alale na kosa lake ina upungufu, na Baba Mdogo nusura ailipie kwa ndoa yake.

Wanangu wakigombana, huwauliza lini. Wananicheka. Swali hilo si langu. Niliachiwa na dada mkubwa wa baba, Ma Alodia.