Mistari Niliyoikata

Maktaba moja mjini Kasese iliandaa maonyesho kuhusu jinsi nyimbo za michezo ya kuigiza zinavyotungwa. Niliwapa karatasi zangu za wimbo wa mama anayevuka mpaka wa Bwera na mihogo kichwani. Siku ya ufunguzi nilikuta ukutani nakala safi, iliyopigwa chapa.

"Mwalimu, ile yako ilikuwa chafu, imekatwakatwa kwa kalamu," mkutubi alisema. "Tuliitupa, tukakupigia hii safi. Hata asante hakuna?"

Mistari niliyoikata ndiyo ilikuwa somo lenyewe: mwigizaji aliishiwa pumzi akiimba na mzigo kichwani, ndipo nikaifupisha. Sasa wanafunzi watakaokuja kuyaona maonyesho wangedhani wimbo huzaliwa mzima, na wakikosea mara moja wangeacha kutunga. Nilichomoa kalamu, nikaijaza nakala yao mistari mibovu niliyoikumbuka, kisha nikaikata tena, mmoja mmoja.