Tata Haingii Ndani

Siku ya kwanza kukutana na jirani yangu wa Kisii nilimwita mama. Wallahi sikukusudia. Nilikuwa kijana wa Tanga niliyelelewa kwa adabu, ndiyo kwanza nimeshuka kwenye basi la kutoka Kisumu, sanduku langu la bati mkononi, na mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya migomba yake akinitazama kuanzia viatu mpaka kofia. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

Mzee akageuka nyuma kutazama ni nani aliyeitwa. Alipoona hakuna mtu, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe kwa Kigusii "baba" ni mama! Baba mzazi wao humwita "tata", neno ambalo kwetu ni fundo na matatizo matupu.

"Mimi naonekana mama yako?" akaniuliza, huku akijipapasa ndevu.

Uso uliniiva kwa haya. Nikataka kulitengeneza jambo, nikasema, "Nisamehe, tata. Mimi ni mwanao." Pwani hilo ni neno la adabu tu. Unamwambia mzee yeyote, hata muuza samaki ukitaka akupunguzie bei. Lakini yule mzee aliacha kucheka. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Haya. Mwanangu." Akalishika sanduku langu, akaliingiza ndani ya nyumba niliyopangishiwa.

Mimi nikaona nimepata jirani mkarimu, basi. Sikujua kwamba nimepata baba.

Miaka ya hamsini ilikuwa bado michanga. Waislamu wa mji wa Kisii, watu wa mabucha na cherehani na maduka madogo, walikuwa wamejenga shule ya vyumba viwili, wakaomba Tanga wapelekewe mwalimu wa kuwafundisha watoto wao Kurani asubuhi, na kusoma na hesabu mchana. Mama yangu hakupenda niende nchi ya watu. Baba alikufa nikiwa sijaota meno, na mimi ndiye niliyekuwa kila kitu kwake. Mwisho alikubali, akaniambia neno moja tu: "Nenda. Lakini usikae mahali ambapo watu hawaingii kwako." Kwetu nyumba isiyoingiwa ni nyumba yenye kisirani.

Lo, baridi ya Kisii! Maji ya wudhu ya alfajiri yalinifundisha mengi kuhusu imani yangu. Tanga nilikuwa nikitawadha huku nawaza mambo mengine. Huku kila kiungo kilipiga kelele peke yake, na nilipofika miguuni nilikuwa macho kabisa mbele ya Mola wangu. Nilimshukuru kwa hilo, ingawa siku nyingine nilimshukuru huku nimekunja uso. Na mvua, mchana wa kila siku, inakuja na radi zake bila kuchoka. Nilifundisha kwa kupayuka, maana bati lilipopigwa na mvua ya mawe hakuna aliyemsikia mwenzake. Watoto walipenda sana wakati huo. Walijua hata wakikosea herufi sitasikia, nao walikosea kwa furaha.

Jioni jirani yangu alikuwa akija kwangu. Kiswahili chake alikiokota katika vita vya Mjerumani, alipochukuliwa kubeba mizigo, kwa hiyo kilikuwa cha amri tupu. "Mwarimu! Keti! Reta kahawa!" Na kahawa ndiyo iliyomleta. Mkewe alikuwa Msabato, anapanda kilima cha Nyanchwa kwenda kanisani kwao kila Jumamosi na kitambaa cheupe kichwani, na Wasabato hawanywi kahawa. Nyumbani kwake hata harufu yake ilikatazwa. Basi mzee alikaa karibu na jiko langu, nikampikia kahawa chungu ya tangawizi, akainywa macho ameyafumba.

Yeye mwenyewe hakuwa na dini aliyoandikishwa. "Wewe Ijumaa," aliniambia siku moja. "Mama wa watoto Jumamosi. Padri Jumapili. Muhindi wa duka hafungi hata siku moja. Sasa Mungu anapumzika rini?"

Nikamwambia Mungu hachoki. Akafikiri, akapuliza kahawa yake.

"Basi ni kama Muhindi," akasema.

Astaghfirullahi! Nilimkemea, lakini nilikuwa nacheka, na nilipolala nilicheka tena. Nilikuwa na furaha, niseme kweli. Nilikuwa sijawahi kuwa na mwanamume mzima wa kukaa naye hivyo, anayekohoa nyumbani mwangu na kuniambia nywele zangu zimerefuka.

Mwaka uliofuata nilipewa likizo, nikaenda Tanga, nikaoa. Mke wangu alikuwa na ulimi mkali na moyo laini, na njia nzima, katika gari moshi na katika basi, nilimhadithia habari za tata. Nilimsifu mno. Tulipofika mzee alikuwa pale pale penye migomba yake, akampokea kwa furaha, akampa mkungu wa ndizi ambao mimi mwenyewe nilishindwa kuuinua. Jioni mke wangu akavaa kanga mpya, akapika kahawa, tukangoja.

Mzee akaja mpaka nje ya mlango. Akasimama.

"Karibu ndani, tata," nikasema.

"Hapana," akasema. Akasimama kidogo, akatazama mawingu, akaenda zake.

Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Mtu aliyekuwa akisukuma mlango wangu bila kubisha sasa hatii mguu. Mvua ilimpata mara ngapi pale nje, na mimi namwita, "Ingia, tata, utalowa!" na kadiri nilivyomwita ndivyo alivyozidi kununa. Mkewe naye akawa hivyo. Alileta mboga chungu za kienyeji, akaziweka kizingitini, akatabasamu, akaondoka.

"Ni mimi," mke wangu alisema. "Kabla sijaja alikuwa akiingia. Nimekuja mimi, haingii. Sasa unataka uambiwe nini?"

"Labda mzee anaumwa."

"Anaumwa na mimi! Kwani nina ukoma?" Akaanza kulia. "Umenileta mahali ambapo wananiona mimi ni kisirani."

Miezi ilipita hivyo. Alijitahidi, maskini. Alifagia mlango mara tatu, alifukiza udi, alibadilisha kahawa akaongeza hiliki. Mzee akaja, akasimama nje akainusa ile harufu kwa uchungu wa wazi, akaondoka. Hata mimi nilianza kufura. Katika sala zangu nilimwomba Mungu anitoe kinyongo, na nikiinuka tu kwenye mswala nakiona kinyongo kimenisubiri. Ukafika mwezi wa Ramadhani, na mke wangu akasema kwa sauti ya utulivu, ile ambayo wanaume tunaiogopa kuliko kelele: "Nitamwalika Idi. Nitapika kwa mikono yangu. Asipoingia siku hiyo, mimi narudi kwa mama, na wewe utachagua."

Nilijua nitachagua kwenda naye, na kwamba nitaiacha shule na watoto wangu, na yule mzee pia. Roho iliniuma mapema.

Idi ikafika. Tulitoka kuswali, watu wa mji wakaja kwangu na watoto wao wamevaa kanzu zilizowazidi urefu. Mke wangu alikuwa amepika pilau ya mbuzi tangu alfajiri. Sinia zikatandazwa mkekani. Na mzee akaja, akiwa na koti lake la vita na kofia iliyoliwa na panya, mkewe nyuma yake. Wakasimama nje ya mlango. Manyunyu yakaanza.

"Karibu ndani, tata," nikasema.

"Hapana."

Nyuma yangu nilisikia mke wangu akiweka mwiko chini. Hapo hasira zikanipanda. Nilitoka nje mbele ya wageni wote, nikapayuka kama ninavyopayuka shuleni mvua ikinyesha: "Nyumba yangu ina najisi gani, tata? Mke wangu amekukosea nini? Sema leo, tujue!"

Mzee akarudi nyuma hatua moja. Macho yalimtoka. Nilidhani atanipiga, na angenipiga ningekubali.

"Wewe ndiwe useme!" akafoka naye. "Kira siku unaniambia ingia, ingia. Mbere ya mke wako! Unanitukana kwa nini? Umeoa. Mtoto akioa, tata haingii nyumba yake. Haingii kabisa! Hapo ndipo wanarara, yeye na mke wake. Mimi niingie nitafute nini? Ni chinsoni!"

Nikamsikia mke wangu kule ndani anasema polepole, "Soni. Anasema soni."

Ndilo neno letu. Bibi zetu wa Tanga hulitumia, soni, haya, ile heshima inayomfanya mtu ainamishe macho. Nimelisikia tangu utotoni, na nilikuwa nimelikanyaga miezi yote hiyo bila kulitambua kwa sababu lilivaa nguo za Kigusii.

"Lakini mimi..." nikaanza. "Tata, mimi si..." Nikanyamaza. Nilitaka kusema mimi si mtoto wako kweli, nilisema vile kwa adabu tu. Namshukuru Mungu aliyenifunga kinywa. Maana mzee huyu alikuwa amelowa mvua miezi mizima kwa sababu ya neno nililomwambia kwa adabu tu, siku nilipomwita mama.

Hakuwa amemaliza. Alikuwa na lake la moyoni, na sasa lilitoka. "Na mkamwana wangu ni mchoyo!" akasema, akinyoosha kidole ndani bila kutazama. "Mzee akisimama nje ya nyumba ya mtoto wake, anareterewa kiti. Anareterewa kahawa. Mimi nasimama, nasikia harufu, nangoja kiti. Hakuna! Nimemwambia mama wa watoto, watu wa pwani wananinyima kahawa!"

Mke wangu alitoa sauti, sikujua ni kilio au kicheko. Ilikuwa vyote viwili. "Toba, yarabi!" akasema. "Na mimi nimeongeza hiliki!"

Wageni walivunjika mbavu. Mwenye bucha alicheka mpaka akajilaza mkekani. Mkewe mzee, yule Msabato, alipotafsiriwa maneno hayo alijifunika uso kwa kitambaa chake cheupe, mabega yakimtikisika. Kisha akamwambia mumewe neno kwa Kigusii, naye mzee akajikuna kidevu.

"Anasema iko njia," akaniambia. "Mjukuu hana chinsoni na babu. Nikikufanya mjukuu, naingia, nakura, natania hata mke wako. Leo hii. Unataka?"

Pilau ilikuwa inapoa. Mvua ilikuwa inazidi. Ilikuwa rahisi mno kusema ndiyo, na wajukuu, nilivyoona, ndio wanaostarehe. Lakini mjukuu si mwana. Nilimtazama mke wangu, maana safari ya kurudi kwao ilikuwa yake na uamuzi ulikuwa wake.

Alijifunga kanga yake vizuri, akainama, akainua sinia kubwa la katikati, lile lenye nyama nzuri, akapita nalo katikati ya wageni mpaka nje. Akaliweka chini penye upenu, mahali pasipovuja sana. Akarudi, akachukua kiti changu cha kufundishia, kile kimoja tulichokuwa nacho, akakitoa. Macho yake ameyainamisha chini.

"Mwambie baba mkwe wangu akae," akaniambia. "Siku ya Idi hatakula peke yake."

Basi Idi nzima ikahamia nje. Tulibanana chini ya upenu mabega kwa mabega, Waislamu wa mji, Msabato mmoja na mzee asiye na dini, migongo imelowa, tukapiga bismillahi. Mzee alikula kwa bidii. Alipopewa kahawa alifumba macho, kama zamani, akakaa nayo mdomoni.

"Mwanangu," akasema baadaye.

"Naam, tata."

"Chumvi imezidi."

Sijawahi kusikia neno tamu kuliko hilo. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Tulikaa Kisii miaka minane. Watoto wetu wawili wa kwanza walizaliwa huko, na hao, kwa kuwa ni wajukuu, walimvuta babu yao ndevu na kumtukana kwa ruhusa. Mimi sikumvuta ndevu hata mara moja. Nilimtolea kiti nje, kila jioni, na kahawa.

Sasa nimezeeka, niko Tanga, na mwanangu mkubwa ameoa mwaka huu. Nyumba yake iko mtaa wa pili. Nikenda huko nakaa barazani, ndani siingii. Miguu yenyewe inakataa. Mwali wake, binti wa watu, alivumilia wiki kadhaa, kisha akaja kwa mke wangu akilia. "Mama, baba hanipendi. Kila siku namkaribisha ndani, haingii."

Nilikuwa chumba cha pili, nasikia. Nikangoja mke wangu anitetee.

"Mtolee kiti, mwanangu," akamwambia. "Na kahawa, uongeze hiliki. Huyo ameshakuwa baba yako."