Viluwiluwi wa Mashimo ya Kaa

Nakumbuka mwaka wa unga wa njano: asubuhi uji wa njano, jioni sima ya njano, mpaka watoto wakaulizana kama mahindi meupe yalikuwa hadithi tu. Nilikuwa msichana wa Kisauni, riziki yangu kaa wa mikokoni.

Akaja mtaalamu wa mbu na chupa zake. Akapekua visima, akapekua makopo, na mbu bado watula hai. Nikamwambia, "Bwana, mbu hawa wazaliwa mashimo ya kaa." Akacheka. Nikatia mpira mwembamba shimoni, nikavuta kwa mdomo, nikatema maji kikombeni mwake. Viluwiluwi wakacheza mle kama mchele unaochemka. Kicheko kikamkauka.

Mwezi mzima nilimvutia maji yale ya chumvi hadi fizi zikachubuka. Kisha akaleta karatasi. "Weka kidole hapa, dada, ni kawaida tu." Nikaweka. Siku yake ya kuvishwa nishani, wakubwa wakauliza nani aliyegundua. Akajipiga kifua. Nami nilikuwa pale pale nimeshika sinia la soda, nikainamisha macho kwa haya. Haya gani? Ujinga! Karatasi ile nilikuja kusomewa baadaye: ilisema mimi ni mfagiaji.

Mwanangu unayenisikiliza, juzi mjukuu wangu Rehema alinisomea kitabu chake cha shule. Kulikuwa na daktari wa jeshi la Waingereza, huko Bara Hindi, aliyeonyesha kuwa malaria yabebwa na mbu. Mwanzoni mwa karne iliyopita akapewa tuzo kubwa ya Ulaya. Sikatai, macho aliyachosha kwenye darubini. Lakini kitabu chasema kuna wagonjwa waliolala waumwe na mbu wake. Nikauliza, "Majina yao?" Rehema akafunua mbele, akafunua nyuma. "Hayamo, bibi." Wallahi damu ilinichemka.

Kumbe jambo lenyewe li njiani kuja kwangu. Rehema amefuga samaki wadogo ndani ya mapipa ya majirani hapa Magogoni, na samaki wamemaliza viluwiluwi wote. Kazi hiyo imechaguliwa kwenda mashindano ya sayansi. Jana mwalimu wake, mtu wa bara, akaja na karatasi ya mlezi kuridhia; nikamwambia Rehema anisomee: jina la kwanza ni la binti wa mwenyekiti wa wazazi, maana ana Kiingereza kitamu, Rehema ni msaidizi.

"Shosho, weka tu kidole hapa. Ni kawaida."

"Shosho yuko kwenu, mimi niite bibi. Na hao samaki walilishwa na nani, Kiingereza?"

Rehema akaninong'oneza, "Yaache, bibi, naona haya." Kichwa kakiinamisha vile vile nilivyokiinamisha mimi.

Nikamwambia mwalimu, "Hapa siweki kidole. Andika upya, jina lake litangulie."

Mwanangu, kazi ukiifanya itaje kwa kinywa chako, papo hapo, mbele ya hao wakubwa. Adabu ni kuamkia watu, si kuwagawia jasho lako. Na karatasi usiyoielewa isipate alama yako. Mungu akupe sauti isiyotetemeka, akupe na macho ya kutazamana na watu.

Mwalimu kaondoka amenuna, asema leo atarudi na mwalimu mkuu. Na waje. Mahamri nitawapikia, mbaazi nitawapakulia, washibe. Wakishapangusa midomo watanisikia: "Hapa siweki kidole. Andika upya, jina lake litangulie."