Bibi wa Mbuzi na boss wa mwisho: game tuliyoicheza kwenye TV za wateja, Buyenzi

Wakuu, habari za humu ndani. Wanaostahili shikamoo nawapa, wengine mambo.

Jana nimesoma uzi wa vijana wanaolalamika kwamba game za mapanga na mazimwi ni ndefu mno, eti wale watu wa vijijini wanaongea sana, eti wao wana-skip maneno yote wafike kwenye vita. Nimecheka mpaka nikapaliwa. Mna-skip maneno mnayoyaelewa? Sisi tulimaliza game ambayo hatukujua kusoma hata herufi moja, wakati wa vita, kwenye TV za watu.

Wale wa "hii chai" naomba mnisubiri mwisho. Yote yalitokea Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na mashahidi wapo, mmoja ana kitambi sasa na duka la rangi za nyumba.

Mi ni Mrundi, siku hizi naishi Dar. Kiswahili changu kikiteleza kurudi Buja mnivumilie. Na kabla hamjaanza maswali yenu: ndiyo, ni mwanamke. Ndiyo, nacheza game. Tuendelee.

Tonton Rama, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa TV na redio. Kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka kwetu, kimejaa TV zilizofunguliwa migongo, waya kila mahali, na harufu ya risasi ya kuchomelea.

Siku moja jamaa wa mtaa wa Gihosha alileta PlayStation iliyokuwa haisomi CD. Tonton akaitengeneza siku hiyo hiyo. Mwenyewe hakurudi. Miaka ile mtu asiporudi ulikuwa huulizi sana. Barabara zinafungwa, watu wanahama mitaa, mwingine anasafiri ghafla bila kuaga. Ukisikia yuko hai unashukuru Mungu, basi.

Ndani yake kulikuwa na CD moja. Kijapani kitupu. Kwenye kasha kulikuwa na jamaa kashika upanga mrefu kuliko yeye mwenyewe, tukaiita Inkota, yaani upanga kwa Kirundi. Jina lake halisi silijui mpaka leo na sitaki kulijua.

Sasa, fundi wa TV akimaliza kutengeneza hamwiti mteja palepale. Anaiacha TV ikiwaka masaa, aone kama ugonjwa utarudi. Tonton akasema, badala ya kuwaka bure, vijana wachezee game. Kwa hiyo sisi rasmi tulikuwa wafanyakazi wa majaribio. Tulijisikia watu wakubwa kweli.

Tulikuwa watatu. Juma, jirani yetu, ndiye alijifanya kapiteni kwa sababu sauti yake ilikuwa kubwa. Désiré alikuwa anatoka mtaa wa Ngagara, tunasoma wote, anakuja baada ya shule na kukimbia kurudi kwao kabla ya couvre-feu, ile saa ya marufuku ya kutembea usiku. Na mimi, Aziza.

Wakuu, kucheza kwenye TV mbovu ni game nyingine ndani ya game.

Kuna TV haikuwa na sauti. Kuna moja ilikuwa inakata vichwa, tunamjua mtu kwa viatu. Mara uko katikati ya vita na zimwi, mama mwenye TV anaingia, Tonton anasema "Karibu mama, mgonjwa wako amepona", anachomoa waya. Zimwi linaondoka ndani ya TV, kichwani kwa mama, juu ya kanga.

Kituko kikubwa kilikuwa lile bonde. Tulifika bonde moja, kila kitu ni zambarau. Majani zambarau, maji zambarau, hata kuku. Juma akasema hiyo ni sumu, mutu asiingie. Tukakubaliana wote. Wiki nzima tunazunguka milima kukwepa bonde, tunapigwa na mazimwi ya mlimani hadi huruma.

Halafu mteja akaja kuchukua TV yake. Tukawasha nyingine. Bonde ni kijani kabisa! Ng'ombe wanakula majani!

Tonton alicheka mpaka akakaa chini. "Nyinyi vichwa vyenu! Rangi ya TV ndiyo ilikuwa inaumwa!"

Haya, turudi kwangu. Kitu nilichokuwa nakitaka kilikuwa kimoja tu: manette, ile mnayoiita pad, siku ya boss wa mwisho. Niwe mchezaji. Siyo mtazamaji, siyo "dada wa pale kwa Rama".

Juma alikuwa hataki. Vita vyote ni vyake na Désiré. Mimi nilipewa vijiji.

Yaani kikosi chetu cha kwenye game kikiingia kijijini, ambako hakuna kupigana, wanaanza kupiga miayo. "Aziza, shika. Ni kazi ya wanawake hiyo, kwenda sokoni." Wananitupia manette wanatoka kununua karanga. Niliumia, sitawaficha. Lakini manette ni manette. Nikaishika.

Nami vijiji nilivicheza kama nilivyolelewa. Naingia kila nyumba, nasalimia kila mtu. Nikimaliza mambo yangu sitoki hivi hivi, narudi kuaga. Kwetu huwezi kuingia kwa watu na kuondoka kama mwizi. Bibi yangu angenitandika hata kama ni kwenye TV.

Na dukani nilinunua dawa. Zile chupa nyekundu za kurudisha uhai. Tumetoka kwenye miaka ya embargo, nchi imewekewa vikwazo na bidhaa haziingii, wakuu, mama yangu alikuwa akiona chumvi anabeba, akiona sabuni anabeba, chini ya kitanda ilikuwa stoo. Mimi nikiona duka kwenye game mkono unawasha. Wale wawili hata mfuko wa kikosi hawakujua unafunguliwa kwa kitufe gani.

Basi tukakwama kwenye ziwa.

Ziwa kubwa, ng'ambo yake ngome nyeusi, boss yumo. Hakuna daraja, hakuna mtumbwi. Tulibonyeza kila jiwe. Désiré alitembea ukingoni mpaka nikaota ule ukingo. Juma kwa hasira akasimama mbele ya watu wote waliokuwa kibandani, na wateja wakiwemo, akatangaza: "Mutu yeyote atatuvusha hili ziwa, boss wa mwisho ni wake!"

Alikuwa anamwangalia Désiré alipokuwa anasema. Mi nilisikia "mutu yeyote".

Pembeni mwa ziwa kulikuwa na kijiji kidogo, kama nyumba nne za kule Kajaga, ufukweni mwa Tanganyika. Nyumba ya mwisho aliishi bibi mmoja na mbuzi wake. Bibi anasema maneno yale yale kila siku. Siwezi kusoma, lakini nilishayazoea kwa sura: sentensi yake inaanza na herufi inayofanana na kiti kilichovunjika mguu.

Kila tukipita namsalimia. Kila tukitoka namuaga. Juma nyuma yangu ananiharakisha, "Aziza, nyaruka! Huyo mukongwe hana kitu!" Nikamwambia nyaruka wewe, mimi naaga.

Na ndipo Tonton akaja na habari. Yule jamaa wa Gihosha yuko hai, ametuma mtu, Jumamosi anakuja kuchukua PlayStation yake.

Ilikuwa Alhamisi. Tulifurahi kwamba mtu yuko hai, halafu tukanuna papo hapo. Nilijua Jumamosi ikipita, ile manette sitaishika tena, na nitabaki yule wa kwenda sokoni maisha yangu yote.

Ijumaa, baada ya swala, nikaingia kijiji cha ziwa. Nikamsalimia bibi. Nikanunua chupa zangu. Nikarudi kuaga.

Kiti kilichovunjika mguu hakipo.

Nikabonyeza tena. Sentensi mpya kabisa! Ndefu! Nikapiga kelele, "Ameongea kingine! Bibi ameongea kingine!" Juma akasema naota. Mara bibi, ambaye tangu tumjue hajawahi kusogea hata hatua, akasimama, akatoka nje, mbuzi akamfuata. Akatembea mpaka ziwani, akaingia kwenye matete, akavuta kamba.

Mtumbwi, wakuu. Ukatoka mtumbwi.

"Yampayinka!" Désiré alinirukia tukaanguka kwenye redio za watu. Tonton alitutukana na huku anacheka. Juma alikuwa kashika kichwa, anarudia tu, "Salamu? Ilikuwa ni salamu?"

Ndiyo kapiteni. Ilikuwa ni salamu, nadhani game ilikuwa inazihesabu. Tukavuka, tuka-save mlangoni mwa ngome, tukaachana kwa sababu saa za kurudi nyumbani zilikuwa zimefika.

Jumamosi asubuhi tulikuwa wa kwanza kibandani. Nikaenda moja kwa moja kukaa kwenye kigoda cha mbele.

Juma hakunipa manette. Akasema taratibu, kwa sauti ya upole ambayo ilinikera kuliko kelele zake, "Aziza, boss apana kijiji. Tukishindwa leo hatuna siku ingine. Wacha nipige mimi, we utatusaidia kuangalia."

Nilitaka kulia, nikakataa kulia mbele yake. Nikamwambia, "Ulisema mbele za watu."

"Nilisema, lakini..."

Tonton hakugeuka hata, mkono uko ndani ya TV. "Juma. Ulisema ama hukusema?"

"Nilisema, tonton."

"Basi."

Nikapewa. Jasho mpaka kwenye kope. Bahati nzuri TV ya siku hiyo ilikuwa nzima, ya mwalimu mmoja, rangi zote zipo na vichwa vyote vipo.

Boss akatoka. Mabawa kama mabati ya soko. Pigo la kwanza tu, kikosi kizima kimebaki na uhai wa kuchungulia. Juma akafunika uso, "Imeisha, imeisha."

Nikafungua mfuko.

Chupa nyekundu, zinashuka tu kwenye TV, ukurasa baada ya ukurasa. Désiré akasema kwa sauti ndogo, "We Aziza... ulitoa wapi yote hii?"

"Dukani. Nyie mkiwa kwenye karanga."

Anapiga, nanywesha. Anapiga, nanywesha. Nikipata nafasi nachoma upanga, nikikosa nasubiri. Mlango ulikuwa umejaa watu, na katikati ya hapo akaingia mzee mmoja mnene amevaa suti. Tonton akamnong'oneza, tukajua ndiye mwenye PlayStation. Nikasema moyoni sasa atachomoa.

Hakuchomoa. Alisimama. Kisha akavuta ndoo akaigeuza akakaa. Kisha nikaanza kusikia nyuma yangu sauti ya mtu mzima, "Apana huyo! Munyweshe yule mudogo kwanza! Haya, piga, piga!"

Nikapiga. Boss akapasuka mwanga.

Siwezi kuwaeleza zile kelele. Watu wa barabarani walikimbilia kuangalia, maana miaka ile kelele haikuwa na maana nzuri, wakakuta tunacheza ngoma. Juma alinibeba juu, nikagonga kichwa kwenye paa. Bado nina alama, na naipenda.

Halafu ikaja ile mwisho ya game. Mtumbwi unarudi, na kikosi kinapita kijiji kimoja kimoja. Kila mtu niliyemsalimia anatoka nje, anapunga mkono. Hakuna hata nyumba iliyobaki tupu. Désiré alikuwa na bibi yake mlimani, mahali ambapo barabara ilikuwa haipitiki na hawana habari zake. Akaangalia mpaka mtu wa mwisho, akasema, "Wote wapo." Akafuta macho akacheka, nasi tukacheka naye. Bibi yake alinusurika vita, alhamdulillah, nilikuja kula maharage yake miaka baadaye.

Yule mzee akainuka, akajipangusa suti. Akasema watoto wake walilia mwaka mzima kwenye lile ziwa, mpaka wakaichukia game yenyewe. Akatazama pale mbele, akamfuata Juma na mkono wake mkubwa ampe hongera. "Kijana, wewe ndiye umempiga?"

Nilikuwa nimesimama na manette mkononi, wakuu. Mkononi kabisa. Na bado hakuniona.

Juma alikuwa na nafasi yake pale. Kapiteni, mbele ya mtaa mzima. Akaurudisha mkono wake nyuma, akanisukuma mbele.

"Apana mimi, papa. Ni huyu. Huyu ndiye mchezaji wetu, sisi tulikuwa tunamusaidia tu kufika."

Yule mzee akanipa mkono. Kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima.

Nimeolewa, nimezaa, nimepata kazi nzuri Mungu anisamehe nisijisifu. Furaha ya dakika ile naiweka meza moja na yoyote kati ya hizo.

Nilichojifunza: ile kazi niliyopewa kwa dharau ndiyo ilikuwa game yenyewe. Wao walidhani vijiji ni mapumziko ya vita. Kumbe vita ndivyo vilikuwa mapumziko ya vijiji. Ukipewa kipande ambacho hakuna anayekitaka, usikifanye kwa kununa.

Haya, karibuni mnishambulie. Mliowahi kumaliza game ya lugha msiyoijua njooni mseme mlipitaje, na kina dada mnaosoma kimya kimya huko nyuma, leo andikeni, manette ninayo mimi.