Sinema Iliyompa Mke Mwenzangu Sumu

Mimi sinema za kutisha sizipendi, na nasema mapema ili anayezipenda afunge ukurasa akatafute kazi nyingine. Sizipendi za Wazungu, sizipendi za Wanaijeria, sizipendi na hizi mpya za Kampala ambazo jini anaishi katika ghorofa yenye mapazia ya dhahabu. Jini wa televisheni mbona haendi kukaa kijijini Ajia hata siku moja? Anaogopa jembe.

Nyumbani kwa mwanangu hapa Koboko televisheni inawashwa baada ya chakula cha mchana, na mimi sina pa kwenda, magoti yamekataa. Kwa hiyo nimeziona nyingi. Mtu anasikia kitu kinakwaruza chini ya nyumba. Anaita jirani? Anatoka mbio? Hapana. Anachukua tochi ambayo betri imekwisha, anashuka peke yake, anauliza, "Nani huko?" Huyo afe tu. Halafu ule muziki. Kitu chenyewe hakijafika, vinanda vimeshaanza kulia. Sisi tulipokimbilia Kongo wakati wa vita, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, hakuna aliyetupigia kinanda.

Na maiti wao! Mume wangu alikuwa askari, mtu wa kifua, na siku aliyokufa hakuweza kuinua hata kope. Hawa wa sinema wakishakufa ndipo wanapata nguvu ya kurusha kabati. Shule niliishia darasa la tatu, Kiswahili changu nilikiokota kambini kwa mume wangu, lakini hata mtu wa darasa la tatu anajua kabati ni zito.

Nimeanza kuzunguka. Nilitaka kusema habari ya sinema moja tu.

Ilikuwa ya Wazungu, imewekewa sauti ya mtafsiri. Huku kwetu kuna vijana wanaozungumza juu ya sinema, wanaeleza kwa Kiswahili yale yanayosemwa ndani, na pale wasipoelewa wanatia ya kwao. Katika sinema hiyo kulikuwa na bibi kizee, jicho moja jeupe kama ganda la yai, amesimama kwenye kona ya jiko karibu na sufuria. Hasemi kitu. Watu wa ile nyumba wanakufa mmoja mmoja. Mtafsiri akapiga kelele: "Hapana kula! Muone jicho yake! Hii mama iko mutu ya sumu!"

Mjukuu wangu, msichana anayesoma sekondari Arua, alikuwa nyumbani likizo. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Habuba," akaniambia, maana ndivyo wanavyoniita wajukuu wote, "huyu anadanganya. Kwa Kiingereza wanasema ni mzimu. Alikufa zamani. Hata hajapika kitu."

"Basi anafanya nini karibu na sufuria?"

"Anasimama tu."

"Kufa kote huko ili usimame jikoni? Mimi nimesimama jikoni miaka hamsini bila kufa."

Tukacheka. Lakini yule mtafsiri nilimwelewa, ingawa ningemkuta ningemchapa. Mzimu wa Mzungu haumnyimi usingizi mtu wa huku. Sumu ndiyo inamnyima. Kwetu ukimpa mtu pombe, chai, hata maji ya kunywa, unaonja kwanza wewe mwenyewe mbele yake, ndiyo adabu, na mtoto anaijua kabla hajajua kuhesabu. Kijana aliona bibi, akaona jicho bovu, akaona sufuria, akafikia palepale ambapo angefikia mtu yeyote wa hapa.

Sikufikiri tena habari hiyo mpaka nilipokwenda Kuluba kwa arobaini ya shemeji yangu. Kuluba ndiko lilipo shamba la marehemu mume wangu, na ndiko anakoishi mke mwenzangu. Niseme kweli, mimi na yeye hatukupendana. Aliolewa nyuma yangu, alikuwa na miguu mizuri, na alijua. Jicho lake la kushoto ni jeupe. Lilichomwa na kapi la mtama siku moja akipepeta. Alipolia nilimwambia mume wetu, "Anajifanya huyo, hataki kulima." Wiki mbili zikapita kabla ya kumpeleka hospitali ya Kuluva, na huko walisema tungekuja mapema. Hakuna aliyeniuliza maneno hayo tangu siku hiyo. Nayaandika mwenyewe.

Niliposhuka kwenye bodaboda nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba. Yeye, ambaye hukaa njiani kutwa kuangalia nani amevaa nini!

"Umekuja kuona sinema?" akaniuliza.

"Sinema gani?"

"Si mimi hapa? Pale dukani wana sola, kila mchana wanaonyesha ile ya bibi wa jicho jeupe kwenye kona. Sasa naitwa Mama Kona. Juzi wametupa mawe juu ya bati langu. Ng'ombe wa jirani akifa, mimi. Mtoto akiharisha, mimi. Ijumaa ukoo utakaa, wanataka nitoke."

"Utoke uende wapi?"

Watu wake walikuwa upande wa Kongo, na wote wamekwisha.

Kesho yake ilikuwa arobaini. Dua ikasomwa, wanawake wakafunua vyungu vyao mkekani. Yeye alileta majani ya kunde yaliyopikwa kwa simsim ya kusaga. Watu walipakua huku, walipakua kule, na chungu chake kikabaki peke yake, nafasi tupu pande zote. Akachukua kijiko, akaonja mbele ya watu wote, kama inavyotakiwa. Hapo mke wa jirani, mwanamke kijana ambaye ng'ombe wake ndiye aliyekufa, akasema bila hata kushusha sauti:

"Mutu ya sumu iko na dawa yake. Hata akionja, haimfanyi kitu."

Nilimwona mke mwenzangu akirudisha kijiko polepole. Akionja ana sumu, asipoonja ana sumu. Nikamlaani yule mtafsiri, na aliyempa kipaza sauti, na Wazungu wanaomweka bibi wa watu kwenye kona bila kumpa kazi. Nilijilaani na mimi kidogo, kwa habari ya lile kapi.

Nikainuka, magoti yakalia. Nikaketi mbele ya kile chungu, nikanawa, nikamega ugali wa muhogo, nikachovya.

"Wote mnatujua," nikasema na mdomo umejaa. "Kama huyu ana sumu, ya kwanza ilikuwa yangu. Tumegombania mwanaume mmoja miaka thelathini. Hakuniua akiwa na macho mawili, ataniua leo na moja?"

Upande wa wanaume mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa. "Leteni hapa hiyo mboga," akasema. "Mimi nikifa hata si hasara."

"Kula, baba," nikamjibu. "Sumu hakuna. Itakayokuua ni chumvi."

Watu kama sita walikula. Mke wa jirani hakula, akaondoka na sahani yake mkononi, na tulijua kwamba Ijumaa ndiye atakayesimama kusema.

Jioni mke mwenzangu alikuwa anasugua chungu, amenipa mgongo.

"Chumvi ilikuwa sawa," akasema.

"Ilikuwa ya kukaushia samaki."

"Na umekula sahani mbili."

"Nilikuwa kazini."

Hakusema asante na mimi sikungoja. Nilikwenda dukani kumwambia mwenye sola aache kuonyesha kitu kile. Akaniambia, "Mama, hii watu inapenda sana," akaendelea kupanga sabuni. Basi sikurudi Koboko. Kila mchana nilitoa mkeka, nikautandika karibu kabisa na njia, tukala hapo mimi na yeye, vidole katika sahani moja, na kila aliyepita alituona. Tuligombana kuhusu moto, kuhusu kuni, kuhusu nani alizikwa na shuka gani. Wapitaji walipunguza mwendo ili wasikie. Siku ya tatu wawili walikaa nasi.

Alhamisi mke wa jirani alipita na mzigo wa kuni kichwani. Alitupita. Halafu akasimama, hakugeuka vizuri, akageuza shingo tu.

"Mnakula nini?"

"Sumu," mke mwenzangu akajibu. "Weka kuni chini, unawe mikono."

Akaweka kuni chini.