Maji Yaliyougua Homa ya Kupe

Sisi wenye shahada ndio tuliompachika jina la Bi Maji, na tulilipachika kwa dharau. Alikuwa fundi wa maabara mwenye cheti cha miaka miwili, na katika kila kundi la sampuli za damu aliweka kichupa kimoja cha maji matupu. Maji hayaugui, kwa hiyo kichupa hicho kikionyesha ugonjwa, mpimaji anajua kwamba uchafu umeingia na kipimo chote ni bure. Sisi tulilijua hilo tangu darasani. Yeye alilifanya.

Maabara yetu ilichunguza homa zinazoletwa na kupe. Ilikuwa na vyumba viwili. Katika cha kwanza vichupa vilitayarishwa. Katika cha pili mashine ilinakili vinasaba vya kijidudu, kama kimo katika damu, mara mamilioni, hadi vionekane. Bi Maji alikuwa na makoti mawili, la buluu na jeupe, moja kwa kila chumba, yote yakiwa yameshonwa na mumewe, fundi cherehani. Aliyeingia chumba cha pili hakuruhusiwa kurudi cha kwanza siku hiyo, maana angevibeba vinasaba hivyo mikononi na nguoni.

"Mke wangu," mumewe alimtania siku moja mbele yangu, "bado utanidai koti la tatu la kuingilia jikoni."

"Wewe shona tu, mzee. Hilo la jikoni utalivaa mwenyewe."

Profesa wetu hakuwa na muda wa makoti. Alikuwa na muda wa wageni. Asubuhi moja alileta sita waliovaa suti, akawaingiza chumba cha pili, akafungua vichupa vilivyokwisha kunakiliwa na kuvipitisha mkono kwa mkono kana kwamba ni manukato. Kisha akawaongoza moja kwa moja hadi chumba cha kwanza, akaisifu meza huku akiipigapiga kwa viganja. Bi Maji alikuwa hajafika. Mimi nilikuwapo nyuma yao, nikitabasamu.

Mchana wake Bi Maji akapima damu ya ng'ombe kumi na mmoja wa mjane mmoja mfugaji, aliyekuwa akisomesha watoto wawili kwa maziwa yao. Wote walionyesha homa ya kupe ya aina inayoweza kumuua mtu.

"Kumi na mmoja kwa kumi na mmoja!" Profesa alishangilia. "Mmewahi kuona?"

"Kumi na mbili, Profesa," alisema Bi Maji.

"Ng'ombe ni kumi na mmoja, mama."

"Na maji. Maji nayo yana homa."

Tulicheka sana. Mmoja wetu aliuliza kama kupe aliyauma maji hayo mguuni au sikioni. Nadhani ni mimi.

Profesa hakucheka. "Futa mstari wa maji kwenye picha ya matokeo. Kesho nahutubia mkutano, na keshokutwa ng'ombe hao wanachinjwa na kufukiwa."

"Nipe siku tatu nisafishe vyumba, nirudie kipimo."

"Siku tatu sina."

Amri ya kuchinja ilihitaji saini mbili: ya mtafiti mkuu na ya aliyepima. Bi Maji alikunja mikono. "Hapo mimi simo, Profesa."

Profesa akanigeukia. "Ndugu yangu, wewe ni msomi. Unaelewa mambo yanavyokwenda."

Ningependa kuandika kwamba nilisita. Kilichonichelewesha ni kutafuta kalamu.

Nilipoipeleka amri ofisi ya mifugo, nilimkuta Bi Maji amekwisha kufika. Ofisa alikuwa ameshika picha ya matokeo, akiihesabu mistari kwa kidole.

"Ng'ombe ni kumi na mmoja. Huyu wa kumi na mbili ni wa nani?"

"Wa bombani, mkubwa," Bi Maji alijibu. "Ni maji. Nayo yachinjwe?"

Ofisa aliipokea karatasi yangu, akaisoma taratibu. "Mtaalamu, saini hii ni yako?"

"Ndiyo."

"Ulipima wewe?"

Nina shahada mbili, na hakuna hata moja iliyonipa jibu jingine. "Hapana," nilisema.

Ng'ombe wakafungiwa zizini badala ya kuchinjwa, na Bi Maji akapewa siku zake tatu. Alipiga deki, akafuta kila meza kwa dawa, akatupa maji ya zamani, akachukua damu upya. Profesa wakati huo alikuwa mkutanoni akipigiwa makofi kwa ugonjwa wa bomba letu. Siku ya tatu mashine ilichora mistari kumi na miwili iliyolala chini kabisa. Maji yalikuwa salama, na ng'ombe wote pamoja nayo. Profesa, aliporejea, alisema yale ya kwanza yalikuwa "matokeo ya awali", akafunga mlango wake.

Mjane alipiga simu jioni hiyo. Niliipokea mimi.

"Mwanangu, nani alisema ng'ombe wangu wanaua watu?"

"Ilikuwa mashine, mama."

"Mbona karatasi niliyoonyeshwa ina saini? Mashine nayo inatia saini?"

Nilimnyooshea Bi Maji simu. Alikuwa akikunja koti la buluu. Aliitazama, akanitazama, akaendelea kukunja.

"Umeulizwa wewe," alisema.