Haja ya Mjukuu

Tangu tumzike mama mkwe wangu, kila anayekuja kutupa pole anasema marehemu alikuwa na ulimi safi. Ni kweli, Mungu amrehemu. Kwa muda mrefu ulikuwa safi kiasi kwamba nusu ya mwili wa binadamu haikuwahi kupita juu yake.

Alikuwa fundi cherehani katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na kazi yake kubwa ilikuwa suruali. Hebu fikiria: mtu anashona suruali maisha yake yote na hajawahi kutamka kinachokaa ndani. Kwake, kuanzia kitovu hadi magoti kulikuwa na "maeneo" tu. Mteja akijaribu nguo, humuuliza, pini zikiwa mdomoni:

"Baba, maeneo yanabana?"

"Yanabana, Mama."

"Basi nitayapa pumzi kidogo."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye aliuficha na akazaa watano, sijui kwa muujiza gani.

Nikajifungua mtoto wa kiume, kwa upasuaji. Sikuweza kuinama, sikuweza kucheka, na zaidi ya yote sikuruhusiwa kugusa nepi. "Lala, mwanangu," aliniambia. "Maeneo ya mjukuu wangu niachie mimi."

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alipita kitanda hadi kitanda. Kwa kumheshimu mtu mzima, naye akalivalisha swali lake nguo. "Bibi, mtoto amepata haja?"

"Amepata, tena nzuri," akajibu mama mkwe, maana hata kinywa changu kilikuwa chini ya uangalizi wake.

Muuguzi aliuliza ndogo. Bibi akajibu kubwa. Wastaarabu hao wawili wakaagana kwa tabasamu, na sisi tukarudi nyumbani na mtoto aliyeziba.

Nepi zikawa karibu kavu. Kwa akili zetu nyingi, tukaona ni sifa. Mama mkwe alimwonyesha jirani kamba ya kuanikia. "Tazama, mbili tu. Huyu amerithi adabu ya babu yake."

"Hongera! Wangu analowesha mpaka mto. Mnampa nini?"

"Malezi, mama. Malezi."

Adabu hiyo ikaanza kuvimba. Chini ya kitovu pakawa pagumu kama ngumi. Mtoto alijikunja, akalia, likatoka tone, kisha tone jingine. Akaanza kukataa titi na kutapika.

"Gesi," alisema mama mkwe, akamsugua mgongo na kumwombea. Nami niliomba. Mungu husikia, lakini sijapata kusikia kwamba amekataza watu kwenda hospitali. Nikambeba, kidonda kikinivuta, na bibi akatufuata nyuma akinung'unika.

Daktari alikuwa dada wa umri mdogo asiye na muda wa mafumbo. Alibonyeza tumbo, uso ukambadilika. "Anakojoa?"

Mama mkwe alishtuka kama aliyetukaniwa wazazi. "Anapata haja."

"Haja gani?"

"Haja tu, binti yangu. Kama watu wote."

"Nauliza mkojo, Bibi. Unaruka au unadondoka?" Akanigeukia. Nikamwonyesha bibi kwa kidole. Hakuna nepi iliyopita mikononi mwangu. "Mkojo ukiziba, unarudi nyuma na kuharibu figo. Mtoto anaweza kufa. Nani amemwona akikojoa?"

Mama mkwe alitazama dari, akatazama watu waliojaa mlangoni, akamtazama mjukuu. Kisha ikatoka sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka dirisha la dawa:

"Hakojoi! Jamani, mjukuu wangu hakojoi! Kikojoleo chake kinadondosha matone tu tangu azaliwe!"

"Asante, Bibi," alisema daktari. "Tungeanzia hapo."

Wakampitishia mpira mwembamba hadi kwenye kibofu, na mfuko ukaanza kujaa. Picha ya ultrasaundi ikaonyesha figo zilizovimba. Daktari akatueleza kwamba baadhi ya wavulana huzaliwa na utando ndani ya njia ya mkojo, kama mlango unaojifunga mkojo unapotaka kutoka. Vipimo vya damu yake vilipotulia, walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakaingiza kifaa chembamba chenye kamera kwa njia hiyohiyo, wakaukata ule utando. Figo moja ilikuwa imeshaumia. Nyingine Mungu alituachia, kwa masharti ya kuipima maisha yote.

Mpira ulipotolewa, tulikaa tukitazama sehemu moja kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Mkondo ukaruka ukampiga bibi kifuani.

"Mungu ni mwema! Unaruka!" Aliitangazia wodi nzima, hata waliolazwa kwa miguu iliyovunjika.

Ulimi wake haukurudi tena katika usafi. Mama yeyote akija kushonewa gauni na mtoto mgongoni, kabla ya kupimwa kifua alihojiwa: "Wa kiume? Anakojoa? Unaruka au unadondoka?" Baadhi walihama fundi. Hao ndio leo wanaokaa kwenye mkeka wetu wakisifu upole wake.

Juzi nilimpeleka mwanangu kupima figo. Sasa yuko darasa la kwanza. Kila mara mimi nilikuwa nikimjibu daktari, na bibi akinisahihisha. Safari hii nilijibu, nikangoja. Hakuna aliyenisahihisha.

"Bibi yuko wapi leo?" akauliza daktari.

"Amekwenda kwa Mungu," mwanangu akamjibu. "Lakini mimi nakojoa vizuri."